Gaidi wa Ukurasa wa Kwanza

Mchana wa Jumatano, Agosti 25, 2021, magari yaliganda kwenye Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, karibu na Daraja la Salenda jijini Dar es Salaam. Mwanamume mmoja mwenye bastola alikuwa amewashambulia askari polisi, akachukua bunduki zao, kisha akaelekea lango la Ubalozi wa Ufaransa huku akifyatua risasi. Hadi anauawa pale langoni, watu wanne walikuwa wameshapoteza maisha: askari polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi ya ulinzi. Wengine sita walijeruhiwa.

Waliokuwa ndani ya magari na madirishani mwa maofisi walitoa simu na kurekodi. Muda si muda video zilikuwa mikononi mwa watu Upanga, Posta, Kariakoo na Feri, zikihamishwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine. Kila aliyetazama aliuliza maswali yale yale: huyu ni nani, katumwa na nani, ana kundi gani nyuma yake?

Septemba 2, Mkurugenzi wa Upelelezi wa Makosa ya Jinai, Camillus Wambura, alitoa majibu ya Jeshi la Polisi. Alisema uchunguzi umebaini kwamba mtu huyo, Hamza Mohamed, alikuwa gaidi wa kujitoa mhanga aliyejifunza itikadi hiyo kupitia mitandao. Mhusika alikuwa ameshakufa, kwa hiyo hapakuwa na mahakama ambayo ingeupima ushahidi huo. Siku tatu baadaye Serikali ikatangaza kulisimamisha gazeti la Raia Mwema kwa siku 30, ikilituhumu kwa kuchapisha habari za uongo na za uchochezi. Miongoni mwa habari zilizotajwa ilikuwa ile iliyomhusisha Hamza na chama tawala, CCM.

Kwa hiyo katika muda usiofika wiki mbili jiji lilikuwa limeona mauaji, limepewa maelezo rasmi, na gazeti lililochimba upande mwingine wa maelezo hayo limezuiwa kuchapishwa. Hapo ndipo ugaidi, siasa na uandishi wa habari vinapokutana Tanzania. Chombo cha habari kina wajibu mzito siku damu inapomwagika, lakini wajibu huo hautimizwi kwa kunyamaza, wala kwa kuikariri taarifa ya polisi kama ilivyo. Unatimizwa kwa kumwonyesha msomaji mambo matatu: nani amesema, ana ushahidi gani, na mahakama imefikia wapi. Serikali inayomwadhibu anayeuliza maswali hayo inaudhoofisha usalama ule ule inaosema inaulinda.

Somo la Agosti 7

Dar es Salaam haikuanza kuujua ugaidi mwaka 2021. Ijumaa ya Agosti 7, 1998, saa nne na nusu hivi asubuhi, lori la jokofu lililosheheni baruti na mitungi ya gesi lililipuka nje ya Ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon, Oysterbay. Gari la maji lililokuwa langoni lilizuia lori hilo lisisogee zaidi. Watu 11 walikufa na 85 wakajeruhiwa. Nairobi, ambako ubalozi wa nchi hiyo hiyo ulilipuliwa wakati ule ule, waliokufa walikuwa 213, wakiwamo Wamarekani 12.

Vyombo vya habari vya dunia viliiandika habari hiyo kuwa ni ya Marekani kushambuliwa. Lakini Dar es Salaam hakufa Mmarekani hata mmoja. Waliokufa walikuwa watu wa hapa hapa, walinzi na vibarua waliokuwa kazini. Leo mnara wa kuwakumbuka uko Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Kivukoni, hatua chache kutoka Bustani ya Mimea.

Safari ya kesi za mlipuko ule inafundisha mengi. Ushahidi uliotolewa mahakamani New York ulionyesha kwamba bomu liliandaliwa katika nyumba ya kupanga Ilala, si mbali na soko la Kariakoo. Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari, alikamatwa Cape Town mwaka 1999 na mwaka 2001 akahukumiwa kifungo cha maisha. Rashid Saleh Hemed alishtakiwa hapa Tanzania. Desemba 2004 Mahakama Kuu ikamwona hana hatia. Ahmed Khalfan Ghailani, Mzanzibari mwingine, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akapitia Guantanamo, akafikishwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama New York mwaka 2010. Kati ya mashtaka zaidi ya 280, wazee hao walimtia hatiani kwa shtaka moja tu la kula njama, akafungwa maisha.

Mlipuko ulikuwa mmoja, majibu ya mahakama yakawa matatu tofauti, na yalichukua miaka 12 kupatikana. Mhariri ambaye mwaka 1998 angewaita wote watatu magaidi kwenye ukurasa wake wa mbele angemkosea mmoja kabisa, na kwa mwingine angekuwa ameandika mengi kuliko yaliyothibitika.

Wanasiasa hawakusubiri. Agosti 20, 1998, siku 13 baada ya milipuko, Rais Bill Clinton aliamuru makombora yapigwe Afghanistan na kwenye kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum. Marekani ilisema kiwanda kilihusika na silaha za kemikali, na vyombo vingi vya habari vikalipokea dai hilo siku ile ile. Baadaye ushahidi wake ulitiliwa shaka hata na watu wa ndani ya Marekani yenyewe. Wakati huo kiwanda kilikuwa kifusi, na Sudan imepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kutengeneza dawa.

Mahabusu bila hukumu

Mwaka 2002 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Ilikuja mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11 Marekani, wakati nchi nyingi zilikuwa zikihimizwa kuwa na sheria za aina hiyo. Kwa mwananchi wa kawaida, jambo kubwa la kulijua kuhusu kosa hili ni moja: halina dhamana. Anayesomewa shtaka la ugaidi hurudi mahabusu na kubaki huko hadi kesi iishe au ifutwe, hata kama kila anapofikishwa mahakamani anaambiwa upelelezi haujakamilika.

Ndiyo maana shtaka hilo ni silaha kali mikononi mwa dola, na ndiyo maana mwandishi anayekaa kwenye benchi la Mahakama ya Kisutu, mwendo wa miguu kutoka Kariakoo, anahitaji kuwa macho kuliko mwingine yeyote.

Machi 2013 aliyefikishwa Kisutu alikuwa Wilfred Lwakatare, mkurugenzi wa ulinzi na usalama wa chama cha upinzani cha CHADEMA. Chanzo kilikuwa video iliyosambaa mtandaoni, na miongoni mwa walengwa wa njama iliyodaiwa alikuwamo mhariri wa gazeti la Mwananchi. Shtaka lilisomwa kuwa la ugaidi. Mei 2013 Jaji Lawrence Kaduri wa Mahakama Kuu aliyafuta mashtaka ya ugaidi, likabaki moja la kula njama ya kutumia sumu, ambalo lina dhamana. Kuna watu wengi waliosikia habari ya kwanza. Waliosikia ya pili ni wachache.

Mwaka 2014 ikawa zamu ya masheikh wa kundi la Kiislamu la Uamsho kutoka Zanzibar, miongoni mwao Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Mselem Ali. Walikaa mahabusu Bara, kesi ikiahirishwa mwaka hadi mwaka, watoto wakikua bila baba. Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka aliwaondolea mashtaka, wakarudi nyumbani. Hakuna mahakama iliyowahi kuwatia hatiani kwa ugaidi, na hakuna hukumu iliyowahi kumweleza mwananchi kama tuhuma zile zilikuwa na mashiko.

Mwezi mmoja baadaye, Julai 21, 2021, Mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, Freeman Mbowe, alikamatwa Mwanza alikokwenda kwa kongamano la kudai Katiba mpya. Yeye na wenzake watatu, waliowahi kuwa wanajeshi, walishtakiwa kwa makosa ya ugaidi, yakiwamo madai ya njama ya kulipua vituo vya mafuta. Agosti, kesi ikiwa bado mbichi, Rais Samia Suluhu Hassan aliizungumzia katika mahojiano na BBC Swahili, na upinzani ukalalamika kwamba kauli ya mkuu wa nchi inaweza kuielemea mahakama.

Katika kesi hii waandishi na wananchi walifanya kazi iliyostahili heshima. Maswali ya wakili Peter Kibatala kwa mashahidi wa polisi, na majibu yao, yalikuwa yakiandikwa mitandaoni karibu neno kwa neno, siku kwa siku. Mtu aliyekuwa dukani kwake Kariakoo aliweza kuufuata ushahidi mwenyewe na kuupima. Februari 18, 2022, Jaji Joachim Tiganga aliamua washtakiwa wana kesi ya kujibu. Machi 4 upande wa mashtaka ukasema hauna nia ya kuendelea. Mbowe akatoka gerezani, na siku hiyo hiyo akawa Ikulu, Magogoni, akizungumza na Rais.

Raia ana haki ya kuuliza: kama tuhuma za kulipua vituo vya mafuta zilikuwa za kweli, kwa nini kesi ilifutwa? Na kama hazikuwa za kweli, ni nani atakayewajibika kwa zaidi ya miezi saba ya watu wanne gerezani? Gazeti lisiloyauliza hayo siku ya kuachiwa limeifanya nusu tu ya kazi liliyoianza siku ya kukamatwa.

Mbele ya meza ya magazeti

Asubuhi Kariakoo na Posta, muuza magazeti huyapanga juu ya meza au huyabana kwa vibanio kwenye kamba. Wanaosimama mbele yake ni wengi kuliko wanaonunua. Husoma vichwa vya habari, hubishana kidogo, kisha huendelea na safari. Redioni watangazaji husoma kurasa za mbele moja baada ya nyingine, na picha za kurasa hizo huwa zimeshazunguka kwenye simu tangu alfajiri. Kwa Watanzania wengi, habari ni kile kichwa cha habari tu. Aya ya sita inayosema mshtakiwa amekana mashtaka huwafikia wachache walionunua gazeti na kuwa na nafasi ya kulisoma.

Kwa hiyo kichwa kinachosema "Gaidi anaswa" na kile kinachosema "Polisi wamkamata mtuhumiwa wa ugaidi" havifanyi kazi moja. Cha kwanza kimeshahukumu. Majirani watamwangalia mke wake kwa jicho hilo, mwenye nyumba atataka nyumba yake, na mtoto atasikia maneno shuleni. Mahakama ikimwachia miaka mitatu baadaye, habari yake itaingia ukurasa wa tano, pembeni ya tangazo.

Marekebisho hapa hayahitaji sheria wala fedha. Mhariri anaweza kuamua leo kwamba habari ya kuachiwa itapewa ukurasa na ukubwa ule ule uliopewa habari ya kukamatwa. Anaweza kuamua kwamba picha ya maiti haitatoka kabla ndugu hawajajulishwa, na kwamba jina la muuaji halitakuzwa kuliko majina ya waliouawa. Anaweza kukataa kurusha moja kwa moja mahali askari walipojipanga wakati tukio linaendelea, kwa kuwa mshambuliaji naye ana simu.

Kibiti na mwandishi aliyetoweka

Kuna upande mwingine ambao ni mgumu zaidi kuusema. Kati ya mwaka 2015 na 2017, wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji, kusini mwa Dar es Salaam, ziliandamwa na mauaji ya askari polisi, viongozi wa vijiji na makada wa CCM. Aprili 13, 2017, askari wanane waliuawa kwa pamoja eneo la Jaribu, Kibiti. Mwezi uliofuata Inspekta Jenerali wa Polisi akabadilishwa. Mara nyingi viongozi waliwaita wauaji "wahalifu", na maelezo ya kina kuhusu walikuwa nani na walitaka nini hayakutolewa kwa umma.

Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi, alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiripoti kutoka huko. Novemba 21, 2017, alichukuliwa Kibiti na watu waliofika kwa gari, akamwambia mkewe kwamba anasafiri. Hajaonekana tena. Julai 2019 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC maneno yaliyoeleweka kuwa Azory amefariki. Baadaye akasema hakunukuliwa sawasawa.

Mazungumzo yoyote ya wajibu wa vyombo vya habari lazima yapite Kibiti. Mwandishi aliyeko wilayani anadaiwa athibitishe, aende eneo la tukio, apate upande wa pili. Azory alikuwa akifanya hivyo. Waandishi wengine waliona yaliyomkuta, na wapo waliojifunza kwamba ni salama kungoja taarifa ya polisi. Tangu hapo wananchi wa maeneo hayo walibaki na minong'ono ya vijiweni, na kwenye minong'ono ndiko chuki dhidi ya kabila, dini au chama inakopata chakula.

Jirani alivyopambana

Kenya imepita njia hii kwa maumivu makubwa zaidi. Septemba 2013 Al-Shabaab walivamia jengo la biashara la Westgate, Nairobi, na kuua watu 67. Serikali ilitoa takwimu na maelezo yaliyopingana kwa siku kadhaa. Waandishi wa kituo cha televisheni cha KTN, Mohammed Ali na John Allan Namu, walitumia picha za kamera za ulinzi za jengo hilo kuonyesha kilichotokea ndani, wakiwamo wanajeshi waliobeba mifuko kutoka dukani. Mkuu wa polisi David Kimaiyo aliwatishia kuwakamata. Jeshi, lililokuwa limesema askari wake walichukua maji tu, baadaye lilitangaza kwamba wanajeshi wawili wamefukuzwa na kufungwa kwa uporaji. Bila waandishi wale, wafanyabiashara wa Westgate wangeambiwa wameota.

Desemba 2014 Bunge la Kenya lilipitisha kwa vurugu marekebisho ya sheria za usalama. Kimojawapo cha vifungu vyake kiliweka adhabu ya hadi miaka mitatu jela au faini ya shilingi milioni tano kwa kuchapisha mambo fulani yanayohusu ugaidi. Upinzani ulikwenda mahakamani, na Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu wakakifuta kifungu hicho kwa kuwa kilikiuka uhuru wa habari. Sehemu nyingine za sheria zilibaki. Majaji walitenganisha kupambana na ugaidi na kumfunga mdomo anayeuandika.

Wakenya hao hao waliotetea uhuru wa waandishi wao walijua pia kudai heshima. Januari 2019, baada ya shambulio la DusitD2 lililoua watu 21, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya miili ya waliouawa wakiwa kwenye meza za mgahawa. Wakenya walighadhabika na Baraza la Habari la Kenya likataka picha iondolewe. Hoja yao ilikuwa wazi: je, gazeti hilo lingeonyesha hivyo maiti za Wamarekani waliouawa New York?

Mbali na Afrika Mashariki, Uingereza ilijaribu njia ya marufuku. Kuanzia 1988 hadi 1994 ilikataza sauti za viongozi wa chama cha Sinn Féin cha Ireland kusikika redioni na kwenye televisheni. Vituo vikaajiri waigizaji wasome maneno yao, na kila mtu akaendelea kujua kiongozi wa chama hicho, Gerry Adams, kasema nini. New Zealand ilichukua njia nyingine mwaka 2019, baada ya mtu mmoja kuua Waislamu 51 misikitini Christchurch huku akirusha mauaji hayo moja kwa moja Facebook. Waziri Mkuu Jacinda Ardern alisema hatalitamka jina la muuaji. Vyombo vikuu vya habari vya nchi hiyo, kwa hiari yao, vilikubaliana kwa maandishi namna ya kuripoti kesi bila kuwa kipaza sauti chake. Mahakama ilibaki wazi na habari zikaandikwa.

Nani ahukumu gazeti

Tanzania ina pa kuanzia. Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Februari 2022 aliyekuwa Waziri wa Habari, Nape Nnauye, aliyafungulia magazeti manne: Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima. Juni 2023 sheria ikarekebishwa, na kashfa ikaacha kuwa kosa la jinai. Hizo ni hatua za kweli na zinafaa kupongezwa.

Lakini leseni bado inatolewa na kusimamishwa na ofisi ya Serikali. Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi kwa sababu ya video ya katuni iliyogusia watu waliotekwa na kupotea. Mlalamikaji, mwendesha mashtaka na hakimu wanapokuwa upande mmoja, mhariri anayepokea taarifa ya polisi kuhusu ugaidi anajua swali gumu linaweza kumgharimu mwezi mzima wa mauzo na mishahara.

Gazeti likikosea, na magazeti hukosea, linapaswa kusahihisha kwa maandishi makubwa na kumfidia aliyeumizwa. Uamuzi huo unaweza kutolewa na watu wasiokuwa na maslahi na habari yenyewe: wahariri wastaafu, majaji, wanasheria na wananchi wa kawaida, na asiyeridhika akaenda mahakamani. Si jambo geni nchini. Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995 na wanahabari wenyewe, limekuwa likisikiliza malalamiko ya wananchi na viongozi dhidi ya magazeti, likiyapatanisha na kudai masahihisho, bila kuwa na uwezo wa kulifunga gazeti hata moja.